Rehani ya benki, mkopo wa mshahara au SACCOS? Ulinganisho kwa anayetafuta nyumba ya kwanza Mbeya, Iringa na Njombe

Anayetafuta nyumba ya kwanza Mbeya au Iringa mara nyingi huanza kwa kuuliza riba: benki hii asilimia ngapi, ile ngapi. Swali hilo lina wakati wake, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: nyumba au kiwanja unachokitaka kina karatasi gani? Karatasi ndiyo inayoamua ni mikopo ipi unaweza kuiomba. Ukishajua hilo, ndipo riba ikusaidie kuchagua kati ya iliyobaki.

Njia tunazozilinganisha ni nne: rehani ya kununua nyumba iliyokwisha kujengwa, rehani ya kujenga, mkopo wa mshahara unaotumika kujenga kidogo kidogo, na mkopo wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo. Kila moja ina mtu wake. Makosa mengi hutokea pale mtu anapochukua njia ya mwenzake.

Karatasi kwanza

Rehani ni dhamana inayoandikishwa kwa Msajili wa Hati, juu ya hati yenyewe. Kama hati haipo, hakuna pa kuiandikia. Kwa hiyo nyumba isiyo na hati miliki, hata iwe nzuri namna gani, haiingii kwenye njia mbili za mwanzo. Barua ya toleo, yaani barua ya kukupa kiwanja kabla hati haijatoka, iko hatua moja nyuma ya hati. Mkopeshaji anaweza kuanza kupitia maombi yako akiwa nayo, lakini pesa hutoka hati ikishapatikana. Leseni ya makazi ni ya miaka michache tu, hivyo hufaa mkopo mdogo wa muda mfupi. Hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ni haki kamili, ila kumuuzia mtu asiye wa kijiji kunahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Benki huona ugumu hapo: mkopaji akishindwa, itamuuzia nani?

Iliyobaki ni karatasi inayoshikwa na watu wengi zaidi, mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa. Unathibitisha kwamba ulilipa. Hauthibitishi kwamba aliyekuuzia alikuwa mwenye mali. Pembezoni mwa Jiji la Mbeya, kama Isyesye au Iganjo, na Iringa upande wa Nduli au Igumbilo, usishangae kukuta kiwanja kilichopimwa kinapakana na ambacho hakijapimwa, na nyumba mbili zinazofanana kabisa. Moja benki itaipokea, nyingine hapana.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika nafasi, omba upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Unahitaji namba ya hati, au namba ya kiwanja pamoja na kitalu. Majibu yasome polepole. Jina la mmiliki ni lile lile la anayekuuzia? Kuna rehani au zuio lililoandikishwa? Matumizi yaliyoandikwa ni makazi? Halafu angalia jambo ambalo wengi hulipita: muda uliobaki. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 2001 inaisha 2034. Usitegemee benki ikupe mkopo wa miaka 15 juu ya hati iliyobakiza chini ya kumi. Muuzaji atalazimika kuiongezea muda kwanza, na hiyo ni safari ya peke yake.

Jina likiwa la baba aliyefariki, simama. Watoto wanaweza kuwa wamekubaliana kabisa, wakakaa na wewe sebuleni, wakasaini wote. Bado anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Na kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenza ni lazima kwa nyumba ya familia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba hiyo, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka ridhaa hiyo hiyo inapowekwa rehani. Usikubali kauli ya "mama anajua". Mama aje asaini mbele ya wakili, na kitambulisho chake.

Mwisho wa hatua hii, mchukue mpima ardhi akakuonyeshe bikoni zote za kiwanja, yaani alama za mipaka yake. Ukuta wa jirani uliokula mita 2 za kiwanja chako ni bora uonekane sasa kuliko siku mthamini wa benki atakapokuja.

Rehani ya kununua: hesabu yenyewe

Soko la rehani nchini ni changa. Sheria iliyolipa nguvu, ya masharti maalumu ya mikopo ya rehani, ni ya 2008, na kampuni ya TMRC, inayozikopesha benki pesa za muda mrefu ili nazo ziweze kukopesha wanunuzi wa nyumba, ilianzishwa 2010. Kabla ya hapo benki ilikuwa ikipokea amana za muda mfupi na kuogopa kuzikopesha kwa miaka mingi. Leo muda wa miaka 15 hadi 20 unapatikana, na riba nyingi zinacheza kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka.

Chukua nyumba ya shilingi milioni 60. Mnunuzi anatoa asilimia 20, yaani milioni 12, benki inatoa milioni 48 kwa riba ya asilimia 16 inayohesabiwa kwenye salio.

| Muda | Rejesho la mwezi | Jumla utakayolipa benki |
|---|---|---|
| Miaka 10 | 804,000 | milioni 96.5 |
| Miaka 15 | 705,000 | milioni 126.9 |
| Miaka 20 | 668,000 | milioni 160.3 |

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Kuongeza miaka mitano kunakupunguzia shilingi 37,000 tu kwa mwezi, na kunakugharimu zaidi ya milioni 33. Kwa riba za kwetu, muda mrefu hausaidii kama watu wanavyodhani, kwa sababu karibu rejesho lote la mwanzo ni riba. Kwenye mkopo wa miaka 15, rejesho la kwanza la 705,000 lina riba ya 640,000. Deni lenyewe linapungua kwa 65,000. Ukishalipa miaka mitano kamili utakuwa umetoa milioni 42.3, na bado utadaiwa milioni 42.1. Anayepanga kuuza nyumba baada ya miaka minne akihamishwa kikazi aijue namba hii mapema.

Faida ipo kwa anayelipa zaidi. Laki moja ya ziada katika miaka ya mwanzo inakwenda moja kwa moja kwenye deni. Uliza kabla ya kusaini kama benki inatoza adhabu kwa kulipa mapema, na kama riba ni ya kudumu au inaweza kubadilishwa. Majibu yote mawili yawe kwenye barua ya mkopo. Ya mdomoni hayahesabiki.

Theluthi moja inavyokata

Mtumishi wa umma habaki na mshahara chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato yote, na waajiri wengi wa binafsi pamoja na benki hufuata kipimo hicho hicho. Hapa ndipo ndoto ya rehani hukatikia kwa watumishi wengi, kwa hiyo tuihesabu.

Mshahara wa msingi ni 1,200,000. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, asilimia 5 ni 60,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 36,000. Kodi ya mshahara, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni 170,000. Theluthi inayopaswa kubaki ni 400,000. Nafasi ya mkopo ni 534,000 kwa mwezi. Sasa ongeza Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 180,000. Nafasi inashuka hadi 354,000. Ada ya chama cha wafanyakazi bado haijaguswa.

Kwa rejesho la 705,000, mtumishi asiyedaiwa na Bodi anahitaji mshahara wa msingi wa kama 1,770,000. Anayedaiwa anahitaji zaidi ya milioni 3.5. Tofauti hiyo inatosha kusema: kama deni lako la Bodi limebaki kidogo, limalize kwanza, hata kwa kuahirisha nyumba mwaka mmoja. Hakuna punguzo la riba litakalokufungulia nafasi kubwa kama hiyo.

Njia nyingine halali ni wanandoa kukopa pamoja, mishahara miwili ikasimamia mkopo mmoja. Mwalimu na muuguzi wenye 1,200,000 kila mmoja, bila deni la Bodi, wana nafasi ya zaidi ya milioni moja kwa mwezi. Hapo rehani ya milioni 48 inawezekana bila kujinyima chakula.

Kabla ya kupeleka maombi, hakikisha huna mikopo midogo ya simu uliyoisahau. Mkopo wa shilingi 20,000 usiolipwa unaweza kuonekana kwenye taarifa zako za mikopo na kukuchelewesha wiki kadhaa ukisubiri usafishwe.

Thamani, gharama za pembeni na subira ya muuzaji

Benki haikopeshi bei mliyokubaliana. Inakopesha thamani aliyoiandika mthamini aliyesajiliwa, na inachukua ndogo kati ya hizo mbili. Nyumba ya milioni 60 ikithaminiwa milioni 52, asilimia 80 yake ni milioni 41.6. Wewe uliyejipanga na milioni 12 sasa unatakiwa milioni 18.4. Ndiyo maana mkataba wa mauziano unapaswa kuwa na kifungu kinachosema mauziano yatategemea benki kuidhinisha kiasi fulani, na isipoidhinisha, kishika nafasi kinarudi. Bila kifungu hicho, ugomvi wa kishika nafasi huishia kwa mwenyekiti wa mtaa na mara nyingi haurudi wote.

Vinavyoshusha thamani mikoani kwetu vinajulikana. Tofali za kuchoma zilizojengewa kwa udongo badala ya saruji. Nyufa za pembeni mwa madirisha kwenye nyumba zilizokaa mteremkoni bila ukuta wa kuzuia udongo. Njia ya gari isiyopitika masika. Ukiona dalili hizo, mlipe mthamini wako mapema akupe makisio kabla hujafungua maombi benki. Gharama yake ni ndogo kuliko kishika nafasi kilichopotea.

Gharama za pembeni zinasahaulika kila mara. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, kwa nyumba yetu 600,000. Ada ya kushughulikia mkopo ikiwa asilimia 1.5 ni 720,000. Kuna mthamini, wakili, ada za kusajili uhamisho na rehani, bima ya moto, na bima ya maisha inayolipa deni ukifariki. Tenga milioni 3 hadi 4 juu ya malipo ya awali. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida, au asilimia 3 ya thamani kama hana kumbukumbu za gharama zake. Wauzaji wengi huijua siku wanapofika TRA, kisha humgeukia mnunuzi. Bila cheti cha TRA uhamisho hausajiliwi, kwa hiyo andikeni kwenye mkataba nani analipa.

Mpangilio wa kazi ni huu: upekuzi, mkataba wa mauziano, uthamini, barua ya mkopo, fomu za uhamisho namba 29, 30 na 35, TRA, kisha usajili wa uhamisho na wa rehani kwa pamoja, na ndipo muuzaji analipwa. Inachukua miezi, na muuzaji anatakiwa kusubiri. Anayeuza kwa sababu ya ugonjwa au ada ya shule hatasubiri. Atampa mwenye fedha taslimu, na huwezi kumlaumu. Mwombe afisa wa benki barua inayomthibitishia muuzaji kwamba malipo yatatoka usajili ukikamilika. Muuzaji mwenye barua hiyo mkononi hutulia.

Nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, na za Watumishi Housing huondoa sehemu ya usumbufu huu kwa sababu muuzaji ni taasisi na nyaraka zake zinafahamika. Jambo moja tu la kuhakikisha kwenye jengo la ghorofa: je, hati ya sehemu yako imeshatengwa chini ya sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo? Kama jengo zima bado liko kwenye hati moja, rehani yako haina pa kukaa.

Rehani ya kujenga na kalenda ya mvua

Hapa una kiwanja chenye hati, benki inatoa pesa kwa awamu: msingi, boma hadi linta, paa, umaliziaji. Mkaguzi anakuja kuona kila hatua kabla ya awamu inayofuata. Utahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri, michoro, na yale makadirio ya gharama ambayo mafundi huyaita BOQ. Makadirio yaliyoandikwa kwa kuifurahisha benki ndiyo chanzo kikubwa cha nyumba zilizokwama kwenye linta: pesa ya msingi inaisha ukiwa nusu ya msingi, na awamu ya pili haitoki kwa sababu ya kwanza haijakamilika.

Nyanda za juu hili lina sura yake. Kiwanja cha mteremko kinakula pesa ardhini kabla ukuta haujaonekana: kukata udongo, kuujaza upande wa chini, msingi wa ngazi, mawe zaidi, ukuta wa kuzuia. Mafundi wengi huchukua kiasi cha msingi wa Uyole penye tambarare na kukitumia mlimani. Mtake fundi apime tofauti ya kimo kati ya bikoni ya juu na ya chini, aiweke kwenye makadirio. Kwa upande mwingine mbao za paa ni karibu, Mafinga na Sao Hill, saruji inazalishwa Songwe, na tofali za kuchoma zinapatikana.

Mvua huanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Rungwe huchelewa kuisha. Ukipanga vizuri, msingi unachimbwa Mei, boma linapanda Juni na Julai, paa linafungwa kabla ya Oktoba kuisha. Basi maombi yanatakiwa kuwa benki Januari au Februari, wakati wengine wanasubiri masika yaishe ndipo waanze kutafuta michoro. Anayepata awamu ya kwanza Septemba atakuwa na ukuta usio na paa ukinyeshewa miezi sita, na riba inaendelea kuhesabiwa.

Hiyo riba ina namba. Mkopo wa milioni 40 kwa asilimia 16, ukitolewa milioni 10 kila baada ya miezi miwili: unalipa riba ya 133,000 kwa mwezi awamu ya kwanza, 267,000 ya pili, 400,000 ya tatu, 533,000 ya nne. Jumla ya miezi minane ni kama milioni 2.7, na bado unalipa pango unakoishi. Ukikwama miezi minne ukiwa umeshachukua milioni 30, umeongeza milioni 1.6 bila tofali hata moja.

Mkopo wa mshahara

Huu hauhitaji hati wala mthamini. Dhamana ni mshahara wako na barua ya mwajiri, na pesa inaweza kutoka ndani ya siku chache. Milioni 20 kwa asilimia 14 kwa miaka sita ni rejesho la 412,000 na jumla ya milioni 29.7. Anayebakiwa na nafasi ya 354,000 anapata kama milioni 17.

Kwa kuangalia riba pekee utaona hautofautiani sana na rehani. Tofauti iko kwenye muda. Aliyechukua mikopo miwili ya namna hii, mmoja baada ya mwingine, amepata milioni 40 na kulipa chini ya milioni 60. Aliyechukua milioni 48 za rehani kwa miaka 15 analipa milioni 127. Kwa malipo hayo ya ziada, mwenye rehani anaingia kwenye nyumba iliyokamilika mwaka huu huu. Mwenye mikopo ya mshahara anahamia vyumba viwili vilivyoezekwa na sakafu ya zege, halafu anaendelea. Watumishi wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe huishi hivyo, na kwa maoni yetu kwa mwenye mshahara chini ya milioni 1.8 ni uamuzi sahihi.

Masharti mawili. Kwanza, usijengee kiwanja kisichopimwa pesa ya mkopo wa kwanza kwa sababu tu benki haikuuliza hati. Benki haikuuliza kwa kuwa imekushika mshahara. Hatari ya kiwanja yote umebaki nayo wewe. Pili, usikubali kuongezewa mkopo katikati. Afisa atakupigia ukishalipa mwaka na nusu akikuambia una nafasi ya milioni 6. Deni la zamani linafungwa, jipya linaanza miaka sita tena, na ile miezi ya riba kubwa ya mwanzo unaianza upya.

SACCOS, na riba inayojificha

SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba zako, kwa miaka miwili hadi minne, kwa wadhamini ambao ni wanachama wenzako. Mwenye akiba ya milioni 4 anapata milioni 12. Kwa nyumba nzima hazitoshi. Kununua kiwanja kilichopimwa na kufuatilia hati kunatosha, na hapo ndipo SACCOS inapozishinda njia nyingine zote. Ukishapata hati, umejifungulia rehani ya kujenga.

Hakikisha SACCOS ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kumbuka pia kwamba ukimdhamini mwenzako, akiba yako inafungwa hadi amalize. Watu wanaopanga kukopa mwaka ujao wasidhamini mwaka huu.

Uliza riba inahesabiwa kwenye nini. Milioni 10 kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, miezi 24, ikihesabiwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, ni riba ya milioni 3.6 na rejesho la 567,000. Inasikika kama asilimia 18 kwa mwaka. Ukiilinganisha na riba ya salio ya benki, ni karibu asilimia 31. Omba jedwali la marejesho lililochapishwa, jumlisha safu yote mwenyewe, kisha toa kiasi ulichokopa. Namba itakayobaki ndiyo bei ya mkopo, ada zikiwa za ziada.

Mkulima na mfanyabiashara

Mkulima wa mpunga Mbarali, wa kahawa Mbozi au wa parachichi Njombe anaweza kumzidi mwalimu kwa mapato ya mwaka, na bado akakataliwa. Benki inataka kuona pesa ikiingia kwenye akaunti kwa miezi 12 au zaidi. Yeye alilipwa taslimu shambani. Anayetaka rehani mwaka kesho apitishe mauzo ya msimu huu benki, atunze stakabadhi za chama cha ushirika, na leseni ya biashara na hesabu za TRA viwe sawa.

Mkopo ukipatikana, rejesho ni la kila mwezi na mavuno ni ya mara moja. Omba marejesho ya msimu; mkopeshaji akikataa, fungua akaunti ya pili, weka humo marejesho ya miezi 12 siku ulipouza, na uagize benki ikate yenyewe. Bei ya mazao ikianguka msimu mmoja, usiwe umekopa zaidi ya uwezo wa msimu mbaya. Kipimo salama ni kuchukua mapato ya mwaka mbaya zaidi kati ya mitatu iliyopita, sio wastani.

Kwa mkulima asiye na kumbukumbu za benki, SACCOS ya ushirika wake kwa ajili ya kiwanja, kisha kujenga kwa mavuno, inabaki bora kuliko rehani.

Ukianza kuchelewa

Mwenye mkopo wa mshahara akiachishwa kazi anabaki na deni na nyumba yake. Mwenye rehani anaweza kubaki bila nyumba. Lakini haiondoki kwa siku moja. Benki lazima itoe notisi ya maandishi ya siku 60 ikieleza kosa ni nini na kiasi gani kinatakiwa kulirekebisha. Ikiuza, ina wajibu wa kupata bei nzuri inayowezekana. Ikiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza na dhana kwamba imevunja wajibu huo, na benki ndiyo yenye kazi ya kujieleza.

Siku hizo 60 zitumie. Andika barua ya kuomba kupangiwa upya mkopo kabla rejesho la pili halijapita, ambatanisha ushahidi wa kilichotokea, na dai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama benki haijibu, malalamiko hupelekwa Benki Kuu, yenye tawi Mbeya, na nakala hiyo yenye muhuri ndiyo kitu cha kwanza utakachoombwa. Nyumba ikionekana itauzwa tu, omba ruhusa ya kuitafutia mnunuzi mwenyewe. Mnunuzi uliyemtafuta kwa utulivu hulipa bei iliyo juu ya ile ya mnada, na kinachozidi deni ni chako.